Blockbuster: namna ya kulitumia hili neno bila kulilazimisha

Pita Kariakoo kwenye yale maduka wanayojaza muvi kwenye flashi, angalia mabango ukutani, hili neno hulikosi. Ingia mtandaoni ndo usiseme, msanii katoa kavideo ka dakika tatu jana usiku, leo asubuhi kapsheni inasema blockbuster, mtu kafungua duka la vipodozi Sinza anaandika "blockbuster opening", dogo kapata divisheni two anaandika "blockbuster results", yaani neno limekuwa pilipili, linatiwa kila chungu. Mi kazi yangu ni kutafsiri na kunyoosha Kiingereza cha watu, mabango, barua za kuomba udhamini, maelezo ya video, sivii, na hili neno napambana nalo sana, kwa hiyo nimeona niliandikie mwongozo wake kabisa. Ni neno zuri, lina historia nzito na lina kazi yake maalumu, na ukilijua sawasawa Kiingereza chako kinaonekana kimekomaa.

Maana kwanza. Blockbuster ni kitu kilichofanikiwa kwa ukubwa wa kutisha, hasa sokoni, yaani kimeuza sana, kimejaza watu sana, kimezungumzwa kila kona. Mara nyingi ni muvi, lakini hata kitabu, dawa, maonyesho, dili la biashara au usajili wa mchezaji. Kitu cha kushika hapo ni ukubwa. Muvi inaweza kuwa nzuri mpaka watu wakalia ukumbini na isiwe blockbuster, kwa sababu walioiona ni wachache, na nyingine stori yake haina kichwa wala miguu, steringi anapigwa risasi kumi hafi, lakini dunia nzima imelipa kuiangalia, hiyo ndo blockbuster hata kama wewe umeichukia. Kwa hiyo ukitaka kusema kitu ni kizuri kwa ubora wake Kiingereza kina maneno kibao, "excellent", "brilliant", "superb", chukua mojawapo hapo. Blockbuster iachie kazi ya hela, umati na kelele.

Na kwa Kiswahili neno lililo karibu nalo kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kishindo. Tunasema usajili wa kishindo, ameingia kwa kishindo, ujio wa kishindo. Kishindo ni mlio wa kitu kizito kinachotua, watu wanageuka kuangalia kuna nini, na blockbuster ina picha hiyohiyo ndani yake, sema yenyewe ilianza na mlio mbaya zaidi.

Tuje hapo kwenye asili manake ukiijua hulisahau tena. Sisi hapa block tunaijua kwa sura kadhaa, kuna tofali la bloku la kujengea, kuna kumbloku mtu WhatsApp, alafu kuna ile block ya kwenye hati ya kiwanja ambayo Kiswahili cha ardhi kinaiita kitalu, plot namba fulani kitalu A. Inayohusika hapa inafanana na hiyo ya mwisho, mjini block ni lile kundi la majengo lililozungukwa na mitaa pande zote. Ukitaka kuiona kwa macho nenda Kariakoo, ramani yake imepigwa mistari mistari, simama pale Mtaa wa Swahili unapokutana na Mkunguni, zunguka majengo ukikata kona upande uleule mpaka urudi uliposimama, hiyo uliyoizunguka ni block moja. Na buster ni kivunjaji, kutoka kwenye "bust", kuvunja au kupasua. Kwa hiyo blockbuster ni kitu cha kubomoa block nzima kwa mpigo, majengo yote hayo uliyoyazunguka.

Na kweli kilikuwa ni kitu cha kubomoa. Kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga la Uingereza lilitengeneza mabomu makubwa yenye gamba jembamba na baruti nyingi ndani, la kwanza lilikuwa la pauni 4,000, kama kilo 1,800 hivi, baadaye wakaja na ya pauni 8,000 na 12,000. Usiku wa tarehe 31 Machi 1941 lile la 4,000 likadondoshwa kwa mara ya kwanza vitani, kwenye mji wa Emden, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kuezua mapaa na kupasua madirisha mtaa mzima ili mabomu ya moto yanayofuata yapate pa kuingilia. Wanajeshi wenyewe wa ndege walilipa jina la utani "cookie", biskuti, lakini magazeti yakaliita blockbuster na jina likashika. Vita haijaisha bado, 1943, wauza muvi wa Marekani wakalidaka wakaanza kuliweka kwenye matangazo, muvi yetu hii ni bomu la kubomoa mtaa, na miaka ya 1950 likawa neno la kawaida Hollywood kwa muvi kubwa yenye hela nyingi. Watu waliokuwa chini ya hayo mabomu walikufa kwa maelfu, na mi naona ni vizuri mtu ajue hilo, neno tunalolipamba kwenye mabango lilitokea huko.

Utasikia maelezo mengine, kwamba eti ni kwa sababu foleni ya watu wa kukata tiketi ilizunguka block nzima ya jengo la sinema. Yanavutia na yanaingia akilini lakini ushahidi wa magazeti ya wakati ule unaelekea kwenye bomu, kwa hiyo ukiulizwa jibu bomu.

Sasa maana ya leo, ile ya muvi inayotoka siku moja kila mahali na matangazo yamefunika nchi, hiyo iliwekwa sawa na muvi moja ya papa, Jaws ya Steven Spielberg. Ilitoka Marekani tarehe 20 Juni 1975. Kabla ya hapo desturi ya muvi nyingi kubwa ilikuwa kuanza na kumbi chache za miji mikubwa, alafu inasambaa taratibu miezi na miezi, sifa zinatangulia. Jaws ikafunguliwa kwenye kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, na kabla haijatoka tivii zikapigwa matangazo usiku mfululizo mpaka kila mtu anajua papa anakuja. Hela ilivyoingia ikawa haijawahi kuonekana, miaka miwili baadaye 1977 ikaja Star Wars ikaivuka, na tangu hapo Hollywood ikajipanga hivyo, kiangazi cha kwao shule zimefungwa ndo wanaachia mizigo mikubwa, na hapo ukapatikana msemo "summer blockbuster". Hii "summer" usiigeuze ukaandika masika au kipupwe, ni msimu wao wa Juni mpaka Agosti, huku kwetu miezi hiyo Dar kuna kaubaridi ketu ka asubuhi, kwa hiyo ukitafsiri sema tu muvi kubwa za katikati ya mwaka.

Mwaka huohuo wa 1975, Agosti, India ilitoka Sholay, wazee wetu wa picha la Kihindi wanaijua hata usipomaliza kuitaja. Hii naileta makusudi kwa sababu inafundisha tofauti nyingine. Mwanzoni iliyumba, wachambuzi waliiponda, siku za kwanza watu hawakujaa, alafu wenyewe walioiona wakaanza kuisimulia, fulani kamwambia fulani, ikawaka, na ukumbi wa Minerva kule Mumbai ilikaa miaka mitano inaonyeshwa. Je ni blockbuster? Ndiyo kabisa, kwa mauzo yake hakuna wa kubisha, ndo maana Mhindi anaiita hivyo mpaka leo. Ila ikiwa kitu kimeanza kimyakimya bila bajeti kubwa wala matangazo alafu kikapanda kwa mdomo wa watu, Kiingereza kina neno lake zuri la "sleeper hit", hit iliyokuwa imelala. Muvi nyingi za vijana wetu zinazofanikiwa ni za namna hiyo, mtu kapiga kwa kamera ya kuazima Mbagala, kaweka mtandaoni, mwezi wa kwanza kimya, mwezi wa tatu kila bodaboda anaisimulia, hiyo ukimwandikia mtu wa nje "sleeper hit" ataelewa safari yote kwa maneno mawili, na nadhani inampa yule kijana heshima yake anayostahili kuliko blockbuster.

Haya, jinsi ya kulipanga kwenye sentensi, hapa tuliza akili kidogo manake ndo penye makosa mengi.

Ni nomino inayohesabika, kwa hiyo inataka "a" mbele ikiwa moja na "s" nyuma zikiwa nyingi. "The film became a blockbuster." "They have made three blockbusters." Usiandike "the film became blockbuster", inasikika imekatwa kipande. Inaandikwa neno moja, bila nafasi katikati, bila kistari, sio block buster wala block-buster, hiyo ya kistari utaikuta kwenye magazeti ya zamani tu. Kulitamka, uzito uko mwanzo, BLOK-basta, usikandamize basta kama unavyofanya kwenye maneno yetu ambayo uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hilo Mswahili yeyote linamponyoka kwa sababu ulimi umezoea hivyo.

Alafu linaweza kukaa mbele ya nomino nyingine likaipamba, "a blockbuster movie", "a blockbuster deal", "a blockbuster novel". Lakini sio kivumishi huru cha kukipima kidogo na zaidi, kwa hiyo "very blockbuster" hakuna, "more blockbuster" hakuna, "the most blockbuster" hakuna. Ukitaka kuongeza uzito ongeza neno lingine, "a massive blockbuster", "a huge box-office blockbuster", au "the biggest blockbuster of the year". Na usiligeuze kitenzi. "The movie blockbustered" niliiona kwenye bango moja la kampuni ya matukio, herufi kubwa za dhahabu, imeshachapishwa tayari.

Vitenzi vinavyoenda nalo vizuri ni "become", "turn into", "turn out to be". "Nobody expected it, but it turned into a blockbuster." Na kuna mitindo miwili ya kulitumia kabla kitu hakijatokea, na hapo naomba nikae kidogo.

Kuna kijana mmoja alikuja na barua ya kuomba udhamini wa muvi yake, kijana mwenye juhudi kweli, barua ameichapa stationeri ya mtaani kwao, karatasi imekunjwa mara nne kutoka mfukoni. Mstari wa kwanza kabisa: "Our upcoming movie is a blockbuster which will be released in December." Sasa soma kama wewe ndo meneja masoko unayeombwa hela. Muvi haijatoka, haijaonwa na mtu, na imeshakuwa blockbuster, hiyo "is" inamfanya aweke barua pembeni. Kiingereza kinaruhusu kusema "upcoming blockbuster" lakini kwa zile muvi ambazo bajeti yake na majina yaliyomo tayari ni makubwa, mamilioni ya dola yameshamwagika, kila mtu anaisubiri, hapo neno linataja aina ya muvi hata kabla hatujajua itauza au la, ndo maana utasoma pia "the blockbuster flopped", yaani imetengenezwa kwa ukubwa wa blockbuster na imefeli, sio sentensi inayojipinga. Kwa kijana wetu tukabadilisha ikawa "We believe this film has the makings of a blockbuster", yaani ina viungo vyote vya kufika huko, kisha mstari unaofuata tukaweka kitu cha kushikika, video ya kionjo imeangaliwa na watu wangapi, waigizaji ni akina nani, itaonyeshwa wapi. "Has the makings of", "has blockbuster potential", "a potential blockbuster", hizo tatu zikariri, zinakuruhusu kujisifu bila kumdanganya mtu.

Kwenye sivii na barua za kazi mi nashauri usilitumie kabisa. "I had a blockbuster year in sales" ukiwa unaongea kwenye usaili, umechangamka, sawa, inapita, lakini kwenye karatasi andika uliuza nini na kiasi gani, namba inaongea zaidi.

Kwa mtu pia haliendi. Huwezi kusema "he is a blockbuster" ukimaanisha msanii mkubwa, sema "a star", "a superstar", na kama amevuma ghafla mwaka huu kuna "breakout star". Wimbo nao kwa kawaida ni "hit" au "smash hit", ukishika namba moja ni "chart-topper", ila albamu iliyouza sana wanaweza kuiita "blockbuster album". Kitabu kilichouza ni "bestseller", na kikiwa kimeuza mpaka kimekuwa gumzo la nchi ndo kinapanda kuwa blockbuster. Matokeo ya mtihani usiyaite hivyo, yule dogo wa divisheni two aandike "I passed with flying colours". Chakula, sherehe ya kipaimara, duka la mtaani, hapana jamani, duka la Sinza liwe "grand opening" inatosha na inapendeza.

Michezo sasa, huko linatamba. Usajili mkubwa ni "a blockbuster signing" au "a blockbuster deal", Wamarekani kwenye vikapu na besiboli wanapobadilishana wachezaji wakubwa wanasema "blockbuster trade". Na mechi kubwa kabla haijachezwa unaweza kuiita "a blockbuster clash", Waaustralia wanaipenda sana hii kwenye mpira wao. Kwa hiyo Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa watu 60,000 wameketi tangu mchana, foleni ya daladala Mandela Road imeganda, "Saturday's blockbuster derby" ni sahihi kabisa hata mechi ikija kuisha bila bila, kwa sababu umeisifia ukubwa wa tukio. Kiswahili chake ni mechi ya kukata na shoka, na hapo hakuna haja ya kuhangaika. Ila akishinda mtu bao tano usiseme "a blockbuster win", wanasema "a thumping win" au "a thrashing". Na ushindi wa kishindo wa uchaguzi, hapo kishindo chetu kinakuacha njiani, Kiingereza chake ni "landslide victory", maporomoko ya ardhi, ukiandika "blockbuster victory" kwenye habari ya uchaguzi mhariri atakurudishia.

Wale mnaofanya kazi famasi au mnasoma habari za afya kwa Kiingereza, mtakutana na "blockbuster drug". Hii ina kipimo, dawa inayoingiza mauzo ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Tagamet, dawa ya vidonda vya tumbo, ndo inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kufika huko, miaka ya 1980, baadaye Lipitor ya kolesteroli ikawa maarufu zaidi. Nimeona watu wakiitafsiri dawa kiboko, dawa ya nguvu, na mtu akisoma anaenda kuiulizia dukani akidhani inaponya kuliko nyingine. Hapana, neno linazungumzia mauzo, halisemi chochote kuhusu inaponya kiasi gani. Tafsiri sahihi ni dawa yenye mauzo makubwa, basi, na kwenye mambo ya afya usahihi huo sio wa kuchezea. Na usilichanganye na "drug bust", hiyo ni polisi wamekamata dawa za kulevya, neno "bust" ni lilelile lakini habari ni nyingine kabisa.

Makumbusho nako lipo, "a blockbuster exhibition", mfano maonyesho ya hazina za Farao Tutankhamun yaliyofanyika British Museum London mwaka 1972, watu zaidi ya milioni 1.6 waliingia. Kwenye habari za uchumi utasoma "blockbuster earnings", faida kubwa kupita ilivyotarajiwa. Hizo ukizijua zinatosha.

Kuna mitego mitatu ya kuangalia.

Wa kwanza ni "blockbusting". Uingereza unaweza kusoma "a blockbusting novel" na maana ni nzuri tu, kitabu kilichouza balaa. Marekani neno hilohilo lina doa. Lilikuwa jina la mchezo mchafu wa madalali wa nyumba, wanawatisha Wazungu wa mtaa kwamba weusi wanahamia, nyumba zenu zitashuka bei, uzeni haraka, Wazungu wanauza kwa bei ya kutupa, dalali anageuka anawauzia weusi kwa bei ya kuruka, sheria ya Fair Housing Act ya 1968 ikaja kupiga marufuku. Kwa hiyo ukimwandikia Mmarekani, hasa Mmarekani mweusi, baki na blockbuster, "blockbusting" iache.

Wa pili ni herufi kubwa. Blockbuster yenye B kubwa mara nyingi ni ile kampuni ya Marekani ya kukodisha kanda za video, duka la kwanza lilifunguliwa Dallas mwaka 1985, wakasambaa wakawa na maduka maelfu, alafu 2010 wakatangaza kufilisika, na duka la mwisho lililobaki liko Bend, jimbo la Oregon. Kwa hiyo mtu akiandika "we used to go to Blockbuster every Friday" anakumbuka kwenda kukodi kanda, kama sisi tulivyokuwa tunakodi kanda mtaani na kuambiwa irudishe imerudishwa nyuma. Ukiandika neno lako la kawaida katikati ya sentensi weka b ndogo.

Wa tatu ndo ninaoupenda. Blockbuster imetokana na bomu na maana yake ni mafanikio, lakini Mmarekani akikwambia "the movie bombed", au "it was a bomb", muvi imefeli vibaya, imekula hasara. Bomu kubwa sifa, bomu lenyewe aibu. Na Mwingereza akisema "it went like a bomb" anamaanisha kimeenda vizuri sana! Na hapa kwetu bomu ni kitu kibovu, simu bomu, gari bomu, kwa hiyo Mswahili anaelewana na Mmarekani kwa hilo bila hata kufundishwa. Ukiwa hujui aliyekuandikia katoka wapi soma sentensi inayofuata kwanza, na wewe mwenyewe ukitaka kusema kitu kimefeli tumia "flop", haina utata popote.

Mwisho kabisa kutafsiri kuja Kiswahili, manake wengi mnaoniuliza ni wa vichwa vya habari na wa kutafsiri muvi za vibanda umiza. Usiache blockbuster hivyohivyo kila mahali kwa uvivu wala usiweke muvi bora, angalia habari inasema nini. Kama ni mauzo, sema filamu iliyovunja rekodi ya mauzo, ikiwa kweli ilivunja. Kama ni gumzo, filamu iliyotia fora, iliyotikisa, iliyokimbiza mjini, na kama unatafsiri kwa sauti kibandani, wasikilizaji wako vijana, ilifunika, ilibamba, ni sahihi na inanoga. Kama ni aina ya muvi kubwa ya hela nyingi hata kabla haijatoka, muvi ya bajeti kubwa, au ukipenda muvi la maana, hili "la" la ukubwa tunalo kwenye lugha yetu tulitumie, Mwingereza hana. "Blockbuster deal" ni dili nono. "Blockbuster signing" ni usajili wa kishindo.

Chukua hii kama zoezi, kichwa cha habari: "Studio bets on blockbuster to save its year." Ukiandika studio yabashiri filamu bora kuokoa mwaka wake umepotea mara mbili, hakuna kubashiri hapo na hakuna ubora. Studio imeweka matumaini yake yote, na hela yake, kwenye muvi moja kubwa ili mwaka usiishe kwa hasara. Mi ningeandika: Studio yategemea filamu moja kubwa kujinasua na hasara. Nawe andika ya kwako, kisha msomee mtu ambaye hajaona ile ya Kiingereza, muulize kaelewa nini.